Sura ya Sita: Ndoa ya Mwenzako

Kwa raia wa Marekani, uzinzi siku hizi ni jambo la mahakama ya talaka. Majimbo kadhaa bado yanautaja katika sheria zao za jinai, lakini ni nadra mtu kushtakiwa, na New York ilifuta kifungu chake cha mwaka 1907 mnamo Novemba 2024. Mwanajeshi wa nchi hiyohiyo anaishi chini ya sheria nyingine. Akilala na mke au mume wa mtu anaweza kufungwa mwaka mzima, kunyang'anywa mshahara na marupurupu yote, na kufukuzwa jeshini kwa fedheha, akiondoka na hati itakayomchafulia jina kila atakapoomba kazi.

Watu wakisikia habari hii kwa mara ya kwanza hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema jeshi limefanya vyema kulinda ndoa. Wapo wanaouliza serikali inatafuta nini chumbani kwa watu wazima wawili waliokubaliana. Makundi yote mawili yanaipita sheria yenyewe pembeni. Haikuandikwa ili kulinda ndoa, na haiadhibu kila kinachotendeka chumbani. Iliandikwa ili kulinda kikosi. Naamini lengo hilo ni la haki. Naamini pia kwamba kwa miaka mingi sheria hii imewaangukia watu ambao haikuwalenga, kwa sababu ufunguo wake umewekwa mfukoni mwa kamanda.

Bunge la Marekani lilipitisha Kanuni Moja ya Sheria za Kijeshi mwaka 1950, ikaanza kutumika tarehe 31 Mei 1951. Ukiisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho hutakuta kifungu kinachosimama peke yake na kuharamisha uzinzi. Kosa hilo limewekwa chini ya Kifungu cha 134, kinachojulikana kama kifungu cha jumla, ambacho hukusanya yale yote yasiyotajwa kwingine lakini yanavuruga utulivu na nidhamu ya jeshi, au yanalishushia jeshi heshima mbele ya umma. Kwa hiyo mwendesha mashtaka ana mambo matatu ya kuthibitisha. La kwanza ni tendo lenyewe. La pili ni kwamba mmoja wa wawili hao alikuwa na ndoa na mtu mwingine, na mshtakiwa alilijua hilo. La tatu ndilo linalobeba kesi: kwamba tendo hilo liliumiza nidhamu au lilichafua jina la jeshi. Hilo la tatu lisipothibitishwa, mshtakiwa anaachiwa, hata kama yale mawili ameyakiri kwa kinywa chake.

Linganisha na kwetu. Tanzania Bara sheria ya jinai haina kosa la uzinzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume au mke aliyekosewa haki ya kufungua kesi ya madai na kudai fidia kwa yule aliyemfanyia ugoni. Anayelalamika ni mwenye ndoa, na anayelipwa ni mwenye ndoa. Katika jeshi la Marekani mwenye ndoa anaweza kuwa amesamehe, amenyamaza, au hajui lolote, na bado kesi ikaendelea. Mlalamikaji ni jeshi.

Ili kuona jeshi linalalamikia nini, chukua kikosi kidogo kilichoko mbali na nyumbani. Sajini ndiye anayepanga zamu. Ndiye anayeamua nani atakaa lindo usiku wa manane na nani atalala, nani atatangulia barabarani kukagua kama kuna bomu la kutegwa, nani ataandikiwa ruhusa ya kwenda nyumbani mtoto wake akizaliwa. Askari wake hawezi kubishana naye. Akibisha ni kosa. Sasa askari huyo asikie, kwa simu ya jirani au kwa minong'ono ya bwenini, kwamba kabla ya safari sajini alikuwa akiingia nyumbani kwake. Tangu siku hiyo kila karatasi ya zamu ina maana mbili. Akipangwa mbele atajiuliza kwa nini. Akipangwa nyuma, wenzake watajiuliza kwa nini. Na wote wana bunduki zenye risasi.

Wasomaji wa Biblia wanamjua askari huyo. Jina lake ni Uria Mhiti. Mfalme Daudi alimchukua Bathsheba, mke wa Uria, wakati Uria yuko vitani. Mimba ilipoonekana, mfalme alimwita mume nyumbani ili alale na mkewe na siri ifunikwe, na Uria akakataa kulala kitandani mwake huku wenzake wamelala uwandani. Ndipo barua ikaandikwa kwa Yoabu, jemadari: mwekeni mbele penye vita vikali, kisha mrudi nyuma mwacheni. Uria aliibeba barua hiyo mwenyewe. Mtu akiniuliza kwa nini jeshi lina haki ya kuuliza habari za ndoa za watu wake, jibu langu ni barua ile. Mamlaka ya kumpeleka mtu kwenye kifo hayawezi kukaa mkono mmoja na tamaa ya mke wake.

Waislamu nao wana simulizi ya Khalifa Umar bin al-Khattab, aliyekuwa akizunguka mitaa ya Madina usiku akamsikia mwanamke analalamika upweke, mumewe yuko jihadini. Umar hakumkamata mtu. Alikwenda kwa binti yake Hafsa akamwuliza mwanamke anaweza kuvumilia muda gani bila mumewe, na baada ya jibu lake akaagiza askari wasizuiliwe mipakani zaidi ya muda huo. Wapokezi wengine wanasema miezi minne, wengine sita. Ninaipenda simulizi hii kwa sababu inaugeuza mzigo: kabla mtawala hajauliza nani amezini, anaulizwa yeye amewatenganisha watu kwa muda gani. Mwaka 2007, vita vya Iraq vilipokuwa vikali, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Robert Gates, alitangaza kwamba zamu za askari wa nchi kavu zitarefushwa hadi miezi 15. Kifungu cha 134 hakina hata neno moja linalomwajibisha aliyeamua hivyo.

Majeshi mengine yamelifikia jambo hili kwa njia zao. Wapiganaji wa NRA wa Yoweri Museveni, waliopigana katika misitu ya Luwero tangu 1981 hadi walipoingia Kampala mwaka 1986, walikuwa na kanuni za maadili ambazo baadaye ziliingizwa katika sheria za jeshi la Uganda. Mojawapo inamkataza mpiganaji kujiingiza katika uhusiano usio halali na mwanamke yeyote, na sababu iliyotolewa ni nyepesi kueleweka: hakuna wanawake waliokaa njiani kuwasubiri askari wapitao, wengi wao ni wake au mabinti wa watu fulani. Jeshi la msituni linaloishi kwa chakula na siri za wanakijiji likigusa wake zao, kesho yake halina wa kulipikia wala wa kulificha. Hapo hakuna aliyehitaji wakili wa kufafanua maana ya kuliaibisha jeshi.

India ndiko hoja hii ilikopimwa mahakamani waziwazi kuliko mahali pengine. Tarehe 27 Septemba 2018, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyofunguliwa na Joseph Shine, ilikifuta kifungu cha 497 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza. Kifungu hicho kilimwadhibu mwanaume aliyelala na mke wa mtu bila ridhaa ya mumewe, hadi miaka mitano jela, na mwanamke hakuadhibiwa kwa sababu alihesabika kama mali iliyoibwa. Majaji waliona ni fedheha kwa katiba. Lakini jeshi la India lilikuwa na shtaka lake la siku nyingi, linaloendeshwa chini ya Sheria ya Jeshi ya mwaka 1950 kama mwenendo usiofaa: kuiba mapenzi ya mke wa afisa mwenzako. Wizara ya Ulinzi iliogopa kwamba maafisa walioshtakiwa wangeikimbilia hukumu ya Shine, ikarudi mahakamani kuomba ufafanuzi. Januari 31, 2023, majaji watano walisema hukumu ya 2018 haikugusa sheria za majeshi, na kwamba majeshi yanaweza kuendelea kuwachukulia hatua maafisa wao.

Nakubaliana na majaji hao, ila lugha ya shtaka lile inanisumbua. Mapenzi ya mwanamke hayaibwi kama ng'ombe zizini, anayatoa mwenyewe. Na likiandikwa hivyo, kosa linahesabiwa kati ya wanaume wawili wenye cheo, huku mwanamke akiwa bidhaa iliyohama, na askari wa chini ambaye mkewe ametongozwa na mkubwa wake hatajwi popote.

Turudi Marekani, maana huko ndiko sheria hii imesimama hadharani mara nyingi zaidi. Udhaifu wake mkubwa uko palepale penye nguvu yake, katika lile jambo la tatu. Nani anajua ni lini nidhamu imeumia? Maneno ni mapana mno. Swali hilo liliwahi kufika Mahakama ya Juu kwa mlango mwingine kabisa. Kapteni Howard Levy, daktari katika kambi ya Fort Jackson, South Carolina, alikataa kuwafundisha tiba askari wa vikosi maalumu, na akawaambia askari weusi kwamba wangepaswa kukataa kwenda Vietnam. Alishtakiwa kwa kukaidi amri, na pia chini ya Kifungu cha 134 na ndugu yake wa 133, kinachomhukumu afisa kwa mwenendo usiolingana na cheo chake. Akafungwa. Wakili wake alisema vifungu hivyo havina mipaka, mtu hawezi kujua amekosa lini. Mwaka 1974 mahakama ilimkatalia. Jaji Rehnquist aliandika kwamba jeshi ni jamii iliyojitenga na ya raia, na sheria yake inaruhusiwa kuwa pana kwa kiwango ambacho kisingevumiliwa kwa raia.

Uamuzi huo ulimkabidhi kamanda mamlaka makubwa. Uzinzi ukiripotiwa, kamanda ndiye anayepima kwanza. Anaweza kuitupilia mbali ripoti hiyo. Anaweza kumwita mhusika na kumwonya kwa mdomo, au kumpa barua ya karipio ambayo kwa afisa mara nyingi inatosha kumaliza matumaini ya kupanda cheo. Anaweza kutumia Kifungu cha 15, adhabu ya kiutawala isiyopita mahakamani. Au anaweza kumpeleka mbele ya mahakama ya kijeshi. Makosa mawili yanayofanana, katika kambi mbili jirani, yanaweza kuishia moja katika onyo la dakika kumi na jingine katika kifungo, na hakuna sheria iliyovunjwa popote.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1997 yaliuanika upana huo mbele ya dunia. Luteni Kelly Flinn alikuwa na umri wa miaka 26, mhitimu wa Chuo cha Jeshi la Anga wa mwaka 1993, na mwanamke wa kwanza kurusha ndege ya B-52, ile inayoweza kubeba mabomu ya nyuklia. Alikuwa katika kambi ya Minot, North Dakota, mahali pa baridi kali na majirani wachache. Alianzisha uhusiano na raia aliyekuwa akiwafundisha watoto wa kambi mpira wa miguu. Flinn alisema mwanaume huyo alimwambia ametengana na mkewe. Hakuwa ametengana naye. Mke mwenyewe alikuwa askari wa cheo cha chini katika kambi hiyohiyo.

Uchunguzi ulipoanza, Flinn aliandika maelezo rasmi kwamba hakuna kilichopita kati yao. Mkuu wake alimpa amri ya maandishi akae mbali na mwanaume huyo, akaivunja. Alishtakiwa kwa uzinzi, uongo, kukaidi amri, uhusiano usiofaa na mwanaume mwingine aliyekuwa askari wa cheo cha chini, na mwenendo usiomfaa afisa. Nchi ilichemka. Trent Lott, kiongozi wa walio wengi katika Seneti, alimtetea hadharani. Mkuu wa Jeshi la Anga, Jenerali Ronald Fogleman, aliwaambia maseneta kwamba suala halikuwa uzinzi. Suala lilikuwa afisa aliyekabidhiwa silaha za nyuklia kusema uongo na kukaidi amri. Tarehe 22 Mei, Waziri wa Jeshi la Anga, Sheila Widnall, alimruhusu Flinn aondoke bila kufikishwa mahakamani, lakini kwa hati pungufu ya ile ya heshima.

Fogleman alikuwa na hoja. Rubani wa ndege ile akitoa taarifa, lazima iaminike bila kupekuliwa. Lakini ulizeni uongo ule ulizaliwa wapi. Sheria ikikigeuza kitanda kuwa suala la kiapo, itavuna viapo vya uongo, kwa sababu hakuna jambo ambalo binadamu hulificha haraka kuliko hilo. Halafu uongo unakuwa kosa la pili, amri ya kumkataza inakuwa kosa la tatu likivunjwa, na mwishowe jeshi linasema kwa unyoofu kabisa kwamba uzinzi haukuwa kitu, kumbe ndio ulioufungua mlango.

Kuna mtu ambaye magazeti yalimsahau katika ghasia zote hizo: yule mke. Alikuwa amejiunga na jeshi karibuni, cheo chake kiko chini kabisa ya ngazi, na mwanamke aliyekuwa na mumewe alikuwa afisa ambaye lazima ampigie saluti kila wakikutana. Alimwandikia Waziri Widnall barua kueleza maumivu yake. Yeye ndiye Uria wa kesi ile. Kama sheria hii ina kazi moja ya haki duniani, ni kumsikiliza mtu kama huyo. Waliomtetea Flinn walizungumzia mapenzi na uonevu wa kijinsia. Waliomshtaki walizungumzia uongo na nyuklia. Yule askari akabaki pembeni ya kesi iliyoanzia nyumbani kwake.

Wiki chache kabla, katika kambi ya mafunzo ya Aberdeen, Maryland, mahakama ya kijeshi ilikuwa imemhukumu sajini mkufunzi Delmar Simpson kifungo cha miaka 25 kwa kuwabaka askari wanafunzi. Huko ndiko palipokuwa na ugonjwa wenyewe, wakufunzi wenye mamlaka ya saa ishirini na nne juu ya wasichana waliotoka shule majuzi. Na mwezi Juni, jina la Jenerali Joseph Ralston, aliyetarajiwa kuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, liliondolewa baada ya kujulikana kwamba miaka ya 1980, akiwa ametengana na mkewe, alikuwa na uhusiano na mwanamke mwingine. Kwa haki, kesi yake ilikuwa tofauti: mambo ya zamani, hakuna amri iliyovunjwa, hakuna uongo. Lakini askari wa kawaida waliona kitu kimoja tu. Luteni aliondoka jeshini na hati yenye doa, na jenerali akabaki makamu mwenyekiti. Mwaka 2000 Ralston akawa Kamanda Mkuu wa majeshi ya NATO barani Ulaya.

Aibu ya mwaka 1997 ilizaa marekebisho. Waziri wa Ulinzi William Cohen aliagiza miongozo, na mwaka 2002 Rais George W. Bush akaiingiza rasmi katika mwongozo wa mahakama za kijeshi. Kamanda akaambiwa ni mambo gani ayapime: vyeo vya wahusika na kama mmoja anamwongoza mwenzake, kama walitumia muda au mali ya jeshi, kama waliendelea baada ya kuonywa, kama kikosi kilijua na kikayumba, kama ndoa ilikuwa bado ndoa au walikwisha kutengana kisheria. Huu ulikuwa mwelekeo sahihi. Maswali hayo yote yanamtafuta Uria.

Mabadiliko mengine yalianza Januari 1, 2019. Jina la uzinzi likaondolewa, kosa likaitwa mwenendo wa kingono nje ya ndoa. Tafsiri ya zamani ilihitaji tendo kati ya mwanaume na mwanamke, kwa hiyo tangu mashoga waliporuhusiwa kutumikia wazi mwaka 2011, askari mwenye ndoa aliyekuwa na uhusiano wa jinsia moja hakuwa amezini kwa mujibu wa sheria. Tafsiri mpya iliwaweka wote sawa. Na anayeweza kuonyesha kwamba ametengana na mwenzi wake kwa amri ya mahakama sasa anaweza kuwa na utetezi, jambo ambalo lingewaokoa wengi wa zamani. Jenerali Kevin Byrnes, mwenye nyota nne, alivuliwa uongozi wa kamandi yake Agosti 2005 kwa tuhuma za uhusiano nje ya ndoa, akiwa amekwisha kutengana na mkewe.

Byrnes ni mfano wa nadra. Kwa kawaida adhabu hupungua kadiri cheo kinavyopanda, na hili ndilo linalonikera kuliko yote. Meja Jenerali David Hale alikiri mwaka 1999 kwamba alipokuwa na madaraka ya NATO nchini Uturuki alikuwa na uhusiano na wake wa watu waliokuwa chini yake. Hakuna mfano ulio karibu na Daudi kuliko huu. Alikaripiwa, akatozwa faini, na akashushwa nyota moja katika orodha ya wastaafu. Brigedia Jenerali Jeffrey Sinclair, naibu kamanda wa Divisheni ya 82 huko Afghanistan, alikuwa na uhusiano wa miaka mitatu na kapteni aliyekuwa chini yake. Kapteni huyo alimtuhumu pia kwa kumwingilia kwa nguvu. Mashtaka hayo yaliondolewa katika makubaliano. Machi 2014, katika kambi ya Fort Bragg, alikiri uzinzi na makosa mengine, akapewa karipio na faini ya dola 20,000. Hakulala jela hata usiku mmoja. Jeshi lilimstaafisha kwa cheo cha luteni kanali, ngazi mbili chini.

Kesi ya kapteni yule inaonyesha upande mwingine wa kisu. Mwanamke mwenye cheo cha chini anayemripoti mkubwa wake mwenye ndoa anajitaja mwenyewe. Akisema walikuwa na uhusiano kabla ya siku aliyolazimishwa, amekiri kosa. Akiwa na ndoa yake, amekiri mara mbili. Kwa miaka mingi askari waliobakwa walinyamaza kwa hofu hiyo: kwamba wakifungua mdomo, kitu cha kwanza kitakachoandikwa ni makosa yao, kunywa pombe chini ya umri, kuwa katika bweni wasiloruhusiwa, kuwa na mume nyumbani. Ilibidi Bunge lifike bajeti ya ulinzi ya mwaka 2021 ndipo likaagiza kwamba anayeripoti shambulio la kingono asiadhibiwe kwa makosa madogo yaliyoambatana na tukio hilo. Na tangu Desemba 2023 kesi za ubakaji na mauaji haziamuliwi tena na kamanda. Zimepewa waendesha mashtaka huru. Kosa la uhusiano nje ya ndoa halimo katika orodha hiyo. Limebaki mezani kwake.

Kilichobaki mezani kwa kamanda kinaweza kutumika kwa kazi nyingine kabisa, kama ilivyomkuta Kapteni James Yee. Alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Kichina, mhitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point wa mwaka 1990, aliyesilimu, akasoma dini Damascus, na kurudi jeshini kama kiongozi wa kidini wa Kiislamu. Alipelekwa Guantanamo kuwahudumia wafungwa. Septemba 2003, akiwa njiani kwenda likizo, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa kijeshi wa Jacksonville, Florida, akiwa na karatasi zilizodaiwa kuwa za siri. Vyombo vya habari viliandika habari za upelelezi na uhaini. Alikaa kifungo cha upweke siku 76.

Kisha ushahidi wa upelelezi ukakosekana, na mashtaka mapya yakatokea: uzinzi, na kuhifadhi picha za ngono katika kompyuta ya serikali. Kikao cha awali cha Fort Benning, Desemba 2003, kilianza na uzinzi. Afisa mwanamke wa jeshi la majini, aliyepewa kinga ya kutoshtakiwa, alisimama na kuueleza uhusiano wao mbele ya waandishi wa habari. Zile karatasi zilizomtia mtu upweke kwa siku 76 hazikuweza kujadiliwa, kwa sababu jeshi lilikuwa halijaamua kama kweli zina siri yoyote, na kikao kikaahirishwa tena na tena.

Machi 2004 mashtaka yote yaliyohusu usalama wa taifa yalifutwa. Siku chache baadaye Meja Jenerali Geoffrey Miller, aliyekuwa kamanda wa Guantanamo, alimkuta Yee na hatia ya uzinzi na zile picha kwa njia ya Kifungu cha 15, akamwandikia karipio. Pima mambo matatu ya sheria kwa kesi hii. Nidhamu ya kikosi gani iliyumba? Askari gani alipangwa zamu mbaya kwa ajili ya mke wake? Jina la jeshi lilichafuka, naam, lakini lilichafuka siku mwendesha mashtaka alipouita umma kusikiliza. Aprili mwaka huohuo, Jenerali James Hill, mkubwa wa Miller, alilifuta karipio hilo. Yee aliondoka jeshini Januari 2005 kwa hati ya heshima, na mkewe, ambaye hakuwa amemlalamikia mtu yeyote, alikuwa amekwisha kuzisikia habari za ndoa yake pamoja na nchi nzima.